Pikapu Iliyokataa Kukaa

Leokadia Kalinga ana nyumba Kihesa, Iringa, yenye makochi mazuri ya mninga aliyoyatengeneza mume wake, na sidhani kama amewahi kuyakalia wiki nzima bila kuondoka. Kazi yake ni kuhamisha watu. Mwalimu akipata uhamisho kutoka Tukuyu kwenda Mafinga, katekista akipangiwa kigango kingine, mchimbaji akichoka na Makongolosi na kutaka kurudi kwao, wanampigia simu Leokadia. Anafika na pikapu yake nyeupe ya milango minne na tela la chuma la magurudumu mawili. Anapakia kila kitu mpaka ndoo za kuogea, anafunga kamba, na kabla mwenye vyombo hajamaliza kuwaaga majirani, injini inanguruma.

Nimekutana na watu wasiotulia katika nchi kadhaa, nikasalimiana nao kwa lugha zao, na wengi wao kuna kitu walichokuwa wanakikimbia. Leokadia hakimbii kitu. Ukimuuliza kwa nini asifungue duka kama wenzake wa Kihesa, anakutazama kama umemuuliza kwa nini asilazwe hospitali ilhali ni mzima.

Kuna jambo moja la upakiaji ambalo lazima nilieleze kwanza. Vijijini huku hakuna mizani ya gari. Kipimo ni macho. Wapakiaji wanaweka mzigo, wanarudi nyuma, wanatazama mkia wa pikapu. Mkia ukishuka mpaka tairi likaribie kujificha ndani ya bodi, mmoja anasema, "Imekaa," na kazi inaishia hapo. Hakuna anayebishana na gari iliyokaa. Hata mama aliyekuja dakika ya mwisho na kiroba chake cha mahindi anakitwika tena kichwani na kurudi nacho bila kinyongo. Hajakataliwa na mtu, amekataliwa na gari.

Lakini pikapu iliyokaa ina taabu zake. Taa zinaangaza juu ya miti, usukani unakuwa mwepesi kuliko inavyofaa, na kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye kiuno cha dereva. Ukiongeza tela linalokandamiza mkia ule ule, taabu inazidi. Mwaka juzi springi ya nyuma ilikatika karibu na Igawa, vyombo vya mjane mmoja vikalala barabarani, na mume wa Leokadia, Jailos, akapata habari kutoka kwa kondakta wa basi.

Jailos ni seremala. Amefanya kazi kwenye meza moja, chini ya bati moja, tangu alipooa. Pikapu waliinunua pamoja, kwa pesa za vitanda vyake na za safari za mke wake, kwa hiyo neno lake lina uzito.

"Mama Eveline," alimwambia jioni hiyo, "ukikwama tena na vyombo vya watu, gari tunauza."

Hakupandisha sauti, na Leokadia aliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

Ndipo alipokwenda kwa Sosthenes, fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ambaye alikuwa amewahi kufunga mito ya upepo kwenye gari la watalii. Ni mifuko miwili ya mpira mzito, mmoja kila upande, inayokaa kati ya ekseli na chesisi kusaidia springi. Kila mmoja una bomba lake jembamba linalokuja mpaka nyuma, karibu na namba ya gari, ambako kuna vali kama ya tairi. Unajaza upepo, mkia unanyanyuka. Unatoa upepo, unashuka.

"Ni kama ile ya mabasi?" Leokadia alimuuliza.

"Hii ni midogo yake."

"Nikipakia itasimama?"

"Itasimama."

"Nikizidi kupakia?"

"Mama, sasa unataka nini? Ulilalamika inakaa, nakufungia isikae." Kisha Sosthenes, akiwa chini ya gari na miguu yake tu ikionekana, akaongeza kwamba mito haiongezi uwezo wa kubeba, springi na ekseli ni zile zile, na kwamba asiutoe upepo wote akasafiri hivyo, mpira utabanwa na kupasuka. Leokadia alimsikiliza jinsi watu wanavyosikiliza tangazo la kuzima simu kanisani.

Safari za kwanza zilimpa furaha aliyokuwa ameisahau. Taa ziliangaza barabarani, si mitini. Usukani ulirudi kuwa usukani. Kiuno kikanyamaza. Alikwenda Chunya, akarudi, akaenda Njombe, na Jailos hakusikia habari yoyote kutoka kwa kondakta yeyote.

Kisha likaja suala la Nesi Catherine.

Catherine alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja katika uwanda wa Usangu, nje kidogo ya Rujewa. Amezaliwa Rungwe, ila Usangu ndiko alikowazalisha mama wa karibu watoto wote unaowaona wakikimbia njiani. Sasa alikuwa amehamishiwa Iringa mjini na kupata nyumba Mlandege. Mimi nilikuwa Rujewa natafuta usafiri wa kwenda huko huko, na Leokadia aliponikuta stendi aliniambia nipande, nikae nyuma, nisiulize maswali wakati wa mlima.

Tulifika zahanati asubuhi. Vyombo vya Catherine viliingia kwenye tela bila shida: kitanda, kabati, friji, makochi, jiko la gesi. Leokadia alikuwa ameshaanza kufunga kamba wanawake walipotokea.

Walikuja kwa njia zote, Wasangu, Wahehe, Wabena, na Wasukuma ambao familia zao zilihamia uwandani na ng'ombe, na kila mmoja alikuwa amebeba mchele. Debe, kiroba, nusu gunia. Waliweka chini, wakamshika Catherine mikono, wakamwonyesha mtoto. Yotamu, mkuu wa wapakiaji wa mashine ya mchele, alikuwa amekuja na watu wake kusaidia, na walipakia jinsi wanavyopakia siku zote. Waliweka, wakarudi nyuma, wakatazama.

"Bado inadai," alisema Yotamu.

Wakaongeza kwenye pikapu. Wakatazama.

"Bado."

"Yotamu, kaka yangu, nahisi imetosha," alisema Leokadia. Alikuwa anazunguka gari huku akigonga tairi kwa kiatu.

"Unahisi? Hebu itazame. Imesimama kama imetoka dukani leo."

Hapo akafika Mzee Maganga, mfugaji mrefu mwenye kofia ya pama, na wanawe wawili wakiwa na gunia kila mmoja begani. Mke mdogo wa Maganga alijifungua mapacha wakati wa mafuriko, na Catherine alivushwa maji kwa mkokoteni wa ng'ombe kwenda kumzalisha.

"Nesi, huu ni mchele wa mapacha," alisema. "Kila mmoja na lake."

"Baba, nitaupika lini wote huu?"

"Iringa kuna baridi. Watu wa baridi wanakula."

"Mzee, nafasi hakuna," Leokadia alijaribu.

Maganga aliinama, akatazama mkia wa pikapu, akainuka. "Nyie Wahehe bwana. Gari haijakaa, unasema nafasi hakuna. Au mchele ukilimwa na Msukuma unawawasha?"

Watu wakacheka. Leokadia naye akacheka, ila macho yake yalimtafuta Catherine. Catherine alikuwa anawatazama wanawake.

"Nimemzalisha huyu," alisema kwa sauti ya chini, "na huyu, na binti wa yule pale. Niambie nimrudishe yupi."

Miaka yote gari ndiyo iliyojibu kwa niaba ya Leokadia, na sasa gari ilikuwa imesimama wima, bubu, kana kwamba haijabeba kitu. Magunia ya mapacha yakaingia nyuma kabisa ya tela, mahali pekee palipobaki, na baada yake madebe mengine, na juu yake tenga la kuku. Tukaondoka tukipungiwa mikono na kijiji kizima.

Mpaka Igawa hatukuona tatizo. Baada ya hapo barabara inapanda kuelekea Makambako, na injini ilianza kulalamika, lakini ndani ya gari tulikuwa tumekaa kama sebuleni. Catherine alisinzia. Uwanda ulibaki nyuma, baridi ikaingia kwa dirisha la Leokadia ambalo halifungwi hata kwa mvua. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya usukani. Alikuwa anawaza jambo, nami nilikuwa nimekatazwa kuuliza.

Tulipita Makambako. Mteremko wa kwanza wa maana baada ya mji ule si mkali, una misonobari pande zote mbili, na malori huushuka bila kufikiri. Tulipofika kama katikati yake, nilihisi mkono unavuta gari kutoka nyuma, kushoto. Kisha kulia. Kisha kushoto tena, kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo niliona tela likitupa mkia wake kutoka mstari mmoja wa barabara mpaka mwingine. Lori lilikuwa linapanda kutoka chini.

Leokadia hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani sawa, asipinde huku wala kule, akasema "tulia, tulia, tulia," na sikujua anaiambia gari au sisi. Lori lilipita na honi ndefu. Tela likavuta mara mbili tatu zaidi, likapoa, na mwendo ulipopungua kabisa akaliingiza pembeni, kwenye majani, akazima.

Kuku walikuwa wanapiga kelele juu ya magunia. Catherine, aliyeamka katikati ya mambo, alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

Leokadia alishuka. Alizunguka gari, akazunguka tena. Aligusa tairi za tela, akaondoa mkono haraka kwa moto wake. Alipofika nyuma ya pikapu alisimama akiutazama mkia. Ulikuwa sawa kabisa, kama picha kwenye kalenda. Akachuchumaa, akafungua vifuniko vya vali, akabonyeza kwa ncha ya ufunguo.

Upepo ulitoka kwa filimbi ndefu. Pikapu ikaanza kushuka. Ilishuka mpaka pale ambapo Yotamu angesema imekaa, ikapapita, ikaendelea kushuka, mpaka chuma kikagonga chuma na tairi zikafichwa.

Catherine alikuwa ameshuka na kusimama kando yangu. "Mama yangu," alisema. "Tulikuwa tumepanda hii?"

"Hii hii," Leokadia alijibu. Akafunga vali. Akaanza kutembea kwenda na kurudi kandokando ya barabara.

Catherine alimfuata. "Mama Eveline, jaza upepo twende polepole. Ukienda polepole haitacheza. Hakuna atakayejua."

Catherine alijua habari za Jailos, walikuwa wamezizungumza njiani kutoka Rujewa. Na alichosema kilikuwa na mantiki. Pampu ya mguu ilikuwepo. Kwa mwendo wa trekta tungeweza kufika, pengine. Kutoka hapo mpaka Iringa kuna miteremko mingine mingi, na Leokadia anaijua yote. Alisimama akautazama uliokuwa mbele yetu, hadi kule chini barabara inapopinda. Kisha akatoa simu.

"Baba Eveline. Nimesimama mbele kidogo ya Makambako. Watu wazima, gari nzima. Ila nimepakia kupita kiasi, tela limecheza kwenye mteremko, na siwezi kuendelea hivi."

Simu yake ina sauti kubwa, tulisikia msumeno wa umeme upande wa pili ukizimwa.

"Gari nzima?"

"Nzima."

"Nakuja," alisema Jailos, akakata.

Leokadia aliitazama simu. "Anakuja kuichukua," alisema, si kwetu hasa.

Sasa ikawa zamu ya Catherine kupiga simu, na nilimwona akijikaza kuliko alipokuwa ameshika mlango. "Baba Maganga, shikamoo. Ndiyo, tumefika Makambako. Baba, gari imekaa."

Aliweka simu kwa sauti kubwa.

"Imekaa? Si ilikuwa imesimama hapa?"

"Imekaa huku, baba."

"Haya, ikikaa imekaa," alisema Maganga, na hakukuwa na hata chembe ya kuudhika katika sauti yake. "Mdogo wangu Shedrack yuko mnadani hapo Makambako. Atakuja achukue. Shusha ya mapacha kwanza, wale bado hawana meno."

Shedrack alikuja na pikipiki ya magurudumu matatu. Alimsalimia Leokadia, akapakia magunia, na mchele ukaenda kusubiri stoo kwake hadi lori la mtu wanayemfahamu lipite kuelekea Iringa. Tulishusha mpaka mkia wa pikapu ukarudi pale pa kukaa kwa kawaida, bila upepo, kisha tukahamisha friji na magunia yaliyobaki kwenye tela yakae mbele ya magurudumu, maana tela lililolemewa nyuma ndilo linalotupa mkia. Kazi ilipokwisha, Leokadia alikosa la kufanya, na hilo lilimtesa kuliko kazi. Alifuta vioo. Alikaza kamba ambazo zilikuwa zimekazwa. Aliwapa kuku maji kwa kifuniko cha chupa.

Jailos alishuka kwenye basi mchana ukiwa umeenda, mtu mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimsalimia Catherine, akanisalimia mimi, akaizunguka gari.

"Jaza upepo," alimwambia mke wake. Leokadia alipomaliza, Jailos akanyoosha mkono. "Funguo."

Leokadia alikaa nyuma pamoja nami. Jailos aliendesha kama mtu anayepima mbao, bila haraka, na tela lilitufuata kimya. Hakuwa ameiendesha gari hiyo tangu ifungwe mito. Kila tulipokaribia mteremko, Leokadia alijivuta mbele.

"Shika gia ya tatu."

"Nimeshika."

"Hapa kuna shimo, upande wako."

"Nimeliona. Mama Eveline, kaa."

"Nimekaa."

"Hujakaa. Unanipumulia shingoni."

Catherine aligeukia dirisha ili asionekane anacheka.

Mafinga tulisimama kunywa chai. Jailos hakuingia hotelini. Alisimama nyuma ya gari, akaukandamiza mkia kwa mikono miwili, ukarudi juu polepole. Leokadia alimpelekea kikombe.

"Nani alipakia?"

"Yotamu na watu wa mashine."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Gari haikukaa. Ningewaambia nini?"

Jailos alikunywa chai. "Kwa hiyo kile walichokuwa wanakitazama ulikiondoa."

"Niliondoa."

"Na hukuweka kingine."

"Sikuweka. Na sikujua kama nimeondoa kitu mpaka leo, Baba Eveline. Chunya nilikwenda hivyo hivyo. Njombe hivyo hivyo."

Jailos alimaliza chai yake. "Kuna mtu wa Ipogolo nimemwambia aje aione kesho," alisema. "Nilimpigia nikiwa kwenye basi."

Leokadia alichukua kikombe kitupu mkononi mwa mume wake akabaki nacho.

"Kuanzia sasa sitapakia ikiwa imesimama," alisema hatimaye. "Natoa upepo, nabakiza ule wa kuzuia mpira usibanwe. Wanapakia, inakaa, nafunga kamba. Ndipo najaza. Hata wewe usiponiruhusu tena, huyo wa Ipogolo mwambie afanye hivyo, asije akaua mtu."

Jailos akaondoka kwenda kusimama upande wa pili wa tela. Tulimwona akitoa simu. Hatukusikia alichosema, ila hakikuwa kirefu. Aliporudi alimrushia Leokadia funguo, naye akazidaka kwa mkono ule ule wenye kikombe.

"Endesha wewe," alisema. "Mimi kiuno kinaniuma, nimekaa kwenye basi tangu saa ngapi."

"Na mtu wako?"

"Nimemwambia gari ina safari."

Kabla ya Ifunda Jailos alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kikigonga kioo taratibu.

Nilimwona Leokadia tena miezi michache baadaye, Makongolosi, akimhamisha fundi mitambo mmoja na mke wake. Mkia wa pikapu ulikuwa umeshuka chini, na wapakiaji walikuwa wameshasema neno lao. Bibi mmoja alikuja na kiroba cha karanga, akautazama mkia, akasema, "Loo, imekaa," akampa mke wa fundi kiganja kimoja cha karanga za njiani, na kiroba akarudi nacho.

Leokadia alikuwa anakanyaga pampu ya mguu, akilalamika kwamba inachelewa, macho yakiwa kwenye barabara ya Chunya. Simu ikaita. Aliipokea bila kuacha kukanyaga.

"Imekaa, Baba Eveline. Ndiyo, sasa najaza. Hapana, sirudi leo. Nikishusha Mbeya kuna mwalimu wa Tukuyu ananisubiri." Akasikiliza. "Jumapili. Nitajaribu Jumapili."

Alichomoa bomba la pampu kabla sindano ya kipimo cha upepo haijafika alipotaka, akaitazama, akanung'unika, akalirudisha na kukanyaga tena. Injini ilikuwa inanguruma tayari.